Mbao mbichi ndizo humpa fundi jina la mwongo

UKITOKA Bujumbura kwenda kusini kwa Barabara ya Taifa namba 3, ziwa likiwa mkono wa kulia na milima mkono wa kushoto, unafika Rumonge baada ya kilomita zipatazo 70. Wafanyabiashara wengi wanaujua mji huu kwa mawese, mukeke na ndagala. Wachache huutazama kama soko la mbao, ingawa mji wenyewe haujaacha kujenga.

Sababu za kujenga hazikosekani. Familia zilizokimbia mwaka 1972 zilirudi kwa mafungu kutoka Tanzania na kuanza upya. Wengine wanaongeza chumba cha kupangisha. Wengine wanahama kutoka ufukweni kwa sababu ziwa limepanda. Kila ukuta unaosimama unahitaji mlango, dirisha, dari na kenchi za paa, kisha ndani kitanda, kabati, rafu za duka na kaunta.

Kazi hizi nyingi hufanywa na fundi seremala wa mtaani, mwenye randa, msumeno, patasi na futikamba. Samani za kontena hazimtishi sana katika eneo hili, kwa sababu nyumba zenyewe hazifanani. Ukuta wa tofali umepandishwa kwa jicho na uzi, na tundu la mlango wa sebuleni si sawa na la chumbani. Mtu wa kuja nyumbani, kupima na kutengeneza kitu kitakachokaa pale pale ni fundi.

Pamoja na hayo, fundi huyo ana jina baya. Anaahidi Jumamosi, kazi inafika baada ya mwezi. Mlango uliofunga vizuri mwezi wa Agosti unakataa kufunga mwezi wa Machi. Kabati linapasuka katikati. Wateja wanamwita mwongo, na mara nyingine ni mwongo kweli. Lakini ukifuata mnyororo wa kazi yake kurudi nyuma, utakuta kwamba sehemu kubwa ya lawama huanzia kwenye mzigo wa mbao, yaani kwa sisi tunaonunua upande mmoja wa mpaka na kuuza upande mwingine.

Maji ndani ya lori

Chukua ubao mmoja wa mkaratusi wa inchi 2 kwa 8, urefu futi 12. Ukiwa umetoka kupasuliwa, ubao huo una uzito wa kilo zipatazo 38. Ukikauka vizuri unabaki na kilo kama 25. Tofauti hiyo ni maji. Katika mzigo wa mbao 100, umebeba zaidi ya tani moja ya maji, umeyalipia nauli, na umemuuzia fundi.

Maji hayo yatatoka tu, na yakitoka ubao unasinyaa. Hausinyai kwa urefu, au kwa kiasi kidogo sana. Unasinyaa kwa upana. Ubao wa mkaratusi wa inchi 8 unaweza kupoteza zaidi ya nusu inchi, na ukikaushwa kwa haraka juani unapinda na kupasuka ncha. Fundi aliyeunganisha mbao 4 za namna hiyo kuwa mlango mmoja atasubiri miezi michache tu kabla ya kuona mwanga ukipenya katikati.

Hali ya hewa ya mwambao nayo ina lake. Hewa ya ziwani ina unyevu, na ubao uliokaa vizuri kivulini hutulia ukiwa na maji ya asilimia 12 hadi 15 ya uzito wa mti mkavu. Hauendi chini zaidi bila tanuri. Kiangazi cha Juni hadi Agosti unapungua kidogo, na mvua zikirudi unavimba tena. Fundi anayejua kazi huacha nafasi ya milimita 3 hivi kuzunguka mlango. Paneli za katikati haziwekei gundi, anaziacha huru ndani ya mfereji wa fremu ili zivimbe na kusinyaa bila kuupasua mlango. Ujuzi huo upo. Kinachokosekana ni ubao mkavu wa kuufanyia kazi.

Kukausha hakuhitaji mtambo. Panga mbao kivulini, juu ya magogo au matofali ili zisiguse ardhi, na kila safu itenganishwe na vijiti vya unene mmoja, vilivyopangwa kwa mstari ulionyooka kutoka chini hadi juu. Paka ncha rangi ya mafuta ili maji yasitokee huko kwa kasi. Weka uzito juu. Kisha chagua kipande kimoja, kipime kwenye mizani kila wiki na uandike. Siku uzito unapoacha kushuka, mzigo wako umekauka. Kwa mbao nyembamba ni suala la miezi michache, na kwa nene ni zaidi. Ni mtaji unaolala, ndiyo, lakini mfanyabiashara anayeuza mbao kavu katika soko la mbao mbichi ana haki ya kupanga bei yake.

Futi na sentimita

Tatizo la pili ni la vipimo. Mbao za Tanzania huuzwa kwa inchi na futi: 2 kwa 4, 1 kwa 8, futi 12. Burundi na Kongo zilirithi mita na sentimita kutoka kwa Wabelgiji. Tofauti inaonekana ndogo mpaka siku umebeba milango iliyokwisha kutengenezwa. Mlango wa futi 7 una sentimita 213. Fremu iliyotengenezwa kwa mlango wa sentimita 210 haiupokei, na fundi atakayeukata kwa chini atakuwa amepunguza mti wa fremu yake palepale unapoungana.

Vitanda vina mtego huohuo. Kitanda cha godoro la futi 5 kwa 6 kina nafasi ya sentimita 152 kwa 183. Godoro la sentimita 140 kwa 190 halilali humo, kwani linazidi kwa urefu na linapwaya kwa upana. Kwa hiyo, kabla ya kuagiza vitanda 20 Kigoma au Kasulu kwa ajili ya Rumonge, ulizia kwanza magodoro yanayouzwa Rumonge.

Kwa milango, dawa ni kutouza mlango kamili. Uza mbao zilizopigwa randa, bawaba, vitasa, gundi na vanishi, na umwachie fundi wa pale kupima. Naye apime upana wa tundu mara tatu, juu, katikati na chini. Apime kimo pande zote mbili. Apime pia kutoka pembe hadi pembe, mara mbili. Vipimo hivyo viwili vya pembe vikitofautiana, ukuta umekwenda upande, na ni heri mwenye nyumba aambiwe siku hiyo kuliko siku ya kufunga mlango.

Arbuni inayoliwa na bei

Tatizo la tatu ni fedha, na hili ndilo linalowaumiza watu zaidi. Kazi ya kuagiza huanza na arbuni. Mteja anatoa nusu, fundi ananunua mbao, na nusu ya pili inalipwa kazi ikikamilika. Utaratibu huu unafaa bei zikiwa zimetulia.

Burundi bei hazijatulia. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani rasmi ya faranga, kutoka takriban faranga 2,000 kwa dola moja hadi zaidi ya 2,800, na katika soko la mitaani dola imeendelea kuwa ghali kuliko hapo. Uhaba wa mafuta ya gari nao umepandisha nauli. Fundi aliyechukua arbuni leo, akachelewa wiki tatu kupata mbao, anakuta fedha hiyo haitoshi. Anapokea arbuni ya mteja wa pili ili amalize kazi ya wa kwanza, na ya wa tatu ili amalize ya pili. Hakuamka asubuhi akitaka kudanganya. Lakini mwisho wake ni mama mwenye duka amekaa miezi miwili bila rafu, na fundi anayepita njia ya nyuma asionane naye.

Hapa mfanyabiashara wa mbao anaweza kufanya jambo. Badala ya arbuni kupita mkononi mwa fundi, mteja na fundi waje pamoja kwenye ghala. Mteja alipe mbao moja kwa moja kwa bei ya siku hiyo, apewe stakabadhi, na mbao zitengwe kwa jina lake. Fundi alipwe ufundi wake kwa awamu: sehemu akianza, sehemu fremu ikisimama, sehemu akimaliza. Karatasi moja iandike idadi ya mbao, vipimo, aina ya mti na tarehe, na watatu wote watie sahihi. Mteja hapotezi mbao, fundi habebi hasara ya bei, nawe umeuza.

Karatasi za mpakani

Anayevuka kwa Mugina na Manyovu, au kwa mashua kutoka Baraka, ajue pia kwamba ubao na samani havifuati sheria moja.

Mninga, pamoja na ndugu yake mkurungu unaoitwa mukula Kongo na Zambia, na mkangazi pia, imo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES. Kwa mninga na mkangazi, nchi wanachama ziliamua hivyo Panama mwishoni mwa 2022, na uamuzi ukaanza kazi 2023; mkurungu ulikuwa umekwisha orodheshwa kabla ya hapo. Magogo na mbao za kupasua za miti hiyo zinahitaji kibali cha CITES ili kuvuka mpaka. Samani zilizokwisha kutengenezwa hazikutajwa katika uamuzi huo. Hata hivyo, vibali vya misitu vya kila nchi vinabaki palepale, na asiye na hati ya kusafirishia mazao ya misitu asijaribu bahati. Mkaratusi, msindano na mgrivea wa kupandwa haumo katika orodha ya CITES.

Kuhusu ushuru, tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka samani zinazotoka nje ya Jumuiya katika kundi la asilimia 35, isipokuwa pale nchi ilipopewa ruhusa ya kutoza kiwango kingine. Samani iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya na kuthibitishwa asili yake haitozwi ushuru huo wa forodha. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 kuna utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo na cheti chepesi cha asili kinachotolewa mpakani, mradi bidhaa iwe katika orodha iliyokubaliwa. Omba kuiona orodha hiyo kabla ya kupakia. Kwa wanaotumia ziwa, njia hiyo hufunguka na kufungwa kwa kufuata hali ya usalama ya Kivu Kusini, hivyo usiweke mtaji wote katika mashua moja.

Ziwa likipanda

Mwaka 2021 na tena 2024, maji ya Tanganyika yaliingia katika nyumba za mwambao, kuanzia Gatumba hadi Rumonge na kuendelea kusini. Sheria ya maji ya Burundi ya 2012 inataka mita 150 kutoka ziwani ziachwe wazi, lakini watu wengi walikuwa wamekwisha jenga.

Familia inayoweza kuhama usiku haihitaji kitanda kilichopigwa misumari ndani ya chumba. Inahitaji kitanda cha kufunguliwa, chenye bolti 8 na spana moja, kinachotoka mlangoni vipande vipande. Inahitaji kabati lenye miguu ya kuliinua juu ya sakafu, na fremu ya mlango iliyopakwa dawa chini, mahali maji na mchwa huanzia. Bidhaa hiyo hiyo ya kufunguliwa ndiyo nyepesi kupakia kwenye lori na mashua. Pengo hilo liko wazi kwa fundi wa Rumonge na kwa mfanyabiashara anayemletea bolti.

Kwa anayepanga safari ijayo, basi, hesabu si ngumu. Beba mbao chache zilizo kavu badala ya nyingi zilizo mbichi, kata kwa sentimita, na uweke mizani ghalani ili mnunuzi ajionee mwenyewe. Mlango ukifunga mwezi wa Machi kama ulivyofunga Agosti, mwenye nyumba atauliza mbao zilitoka kwa nani, na fundi hatakuwa na sababu ya kumficha jina lako.