Tasnifu ya tiba asilia haikamiliki kwa orodha ya miti

Ufikapo muhula wa mwisho wa mwaka wa nne, wanafunzi wengi wa vyuo vikuu vyetu hukabiliwa na kazi inayowakosesha usingizi kuliko mtihani wowote: mradi wa utafiti ulio chini ya msimamizi. Miongoni mwa mada wanazozipenda ni tiba asilia, na sioni kwamba wamekosea kuichagua. Katika eneo la Mundika, mwendo mfupi tu kutoka mjini Busia, mgonjwa aweza kumeza vidonge vya zahanati asubuhi na jioni akanywa mitishamba, wala asione kwamba amejipinga. Ndiyo maana jina "tiba mbadala" hunikera kidogo. Mbadala hushika nafasi ya kingine, ilhali huko tiba hizi mbili hukamilishana.

Linalonishughulisha leo ni jinsi kazi hizi zinavyomalizwa. Aghalabu msimamizi huletewa jedwali la safu tatu: jina la mti kwa lugha ya mama, jina lake la kisayansi, na ugonjwa unaotibiwa. Mwanafunzi akishalijaza hudhani amefika. Hapana shaka jedwali lina kazi yake. Profesa John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alitufungulia njia mwaka 1976 kwa kitabu chake juu ya mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, na hadi leo hakuna anayeandika juu ya mada hii bila kukifungua. Lakini mganga hatibu kwa nomino pekee. Anahitaji vitenzi pia.

Tuchukue mfano wa mbali. Mwaka 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria. Mwanasayansi Tu Youyou na wenzake walijaribu mitishamba mingi, ukiwamo mmea uitwao qinghao, ambao matokeo yake yalikuwa hayatabiriki. Ndipo aliporejea maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, akaona kwamba aliagiza mmea ulowekwe majini, ukamuliwe, na maji yake yanywewe. Hakutaja kuchemsha. Tu Youyou akashuku kuwa moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa, akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo, na mwaka 1971 akafaulu kuviangamiza vimelea vya malaria katika panya na nyani. Kutokana na kazi hiyo tulipata artemisinini, msingi wa dawa mseto za malaria zinazotolewa leo katika zahanati zetu, naye akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Jina la mmea lilijulikana tangu hapo. Kilichohitajika ni mtu wa kukisoma kitenzi kwa makini.

Sasa turudi Mundika. Mwanafunzi mmoja niliyemsimamia, mzaliwa wa huko, aliandika kwamba mti fulani "huandaliwa na kunywewa ili kutibu homa". Huandaliwa vipi? Hutwangwa, hulowekwa, huchemshwa, au hufukizwa? Na homa ipi? Mwenyeji wa Unguja akisema homa hukusudia joto la mwili. Mkenya wa bara mara nyingi hukusudia mafua. Katika wilaya za malaria tofauti hiyo si ya kuchezewa. Mtoto mwenye malaria kali akidhaniwa ana mafua, saa chache za kuchelewa zaweza kumuua. Fauka ya hayo, Mundika ni kwa Wakhayo, wenye lugha ya Kibantu, na jirani zao Wateso husema lugha ya Kinailoti isiyo na nasaba nayo. Anayewahoji wote kisha akaandika Kiingereza amepitisha maarifa hayo katika chekeche zaidi ya moja.

Nilimrudisha kwa mama mzee aliyemhoji, safari hii ayaandike maneno kama yalivyotamkwa, kabla ya kuyafasiri. Hakufurahi. Tarehe ya kuwasilisha ilikuwa imekaribia, na mfuko wa mwanafunzi tunaujua. Alirudi na daftari lililojaa. Ile homa yake moja ilikuwa imegawanyika kuwa maradhi manne yenye majina manne, na mti aliokuwa ameuandikia neno "huandaliwa" ulikuwa haupaswi kuona moto kamwe. Alirudi pia na swali la mama: "Mjukuu wangu, ukishayaandika haya, yatakuwa ya nani?"

Kisheria jibu lipo. Katiba ya mwaka 2010 inaitaka serikali iyalinde maarifa ya jamii kuhusu mimea na viumbe, na sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inadai idhini ya wenyewe kabla hayajatumiwa. Kwa bahati mbaya, idhini imegeuzwa kuwa sahihi chini ya fomu ya Kiingereza ambayo mtoa sahihi hawezi kuisoma. Hiyo ni idhini gani? Fomu iandikwe kwa lugha anayoielewa mhojiwa, na mhtasari wa tasnifu urudishwe kwake kwa lugha hiyo hiyo. Isitoshe, idara za afya zimpe mwanaisimu nafasi ya msimamizi wa pili (mtasema najitafutia kazi, na iwe hivyo). Chuo Kikuu cha Alupe, kilichopata hati yake mwaka 2022, kiko kwenye barabara ya kutoka Busia kwenda Malaba, na kituo cha utafiti cha KEMRI kiko papo hapo Alupe. Pa kuanzia pasitafutwe mbali.

Mama alisomewa mhtasari kwa Kikhayo. Aliridhia yote isipokuwa mti mmoja, ambao alisema ni wa ukoo wake. Ukurasa wake uliondolewa. Katika nakala iliyojalidiwa, jedwali linaruka kutoka namba 8 hadi namba 10, na tanbihi inaeleza kwamba mwenye maarifa hakutoa idhini.