Galeri yenye darasa: picha, ukuta na maneno

Ukimuuliza mtu wa Butembo galeri iko wapi, atakuuliza kwanza galeri ya nani, kisha atakuonyesha jengo la ghorofa lililojaa maduka: chini vitenge na viatu, juu simu na mabegi. Neno hilo tulilipata katika Kifaransa, na kwetu limekaa na biashara. Maana yake ya pili, yaani ukumbi ambamo picha hutundikwa ili watu wazitazame bila kulazimika kununua kitu, haisikiki sana mjini kwetu wala Beni.

Makala hii inahusu galeri ya maana hiyo ya pili, hasa ile iliyo na darasa la kupiga picha pembeni. Itaeleza inavyotofautiana na studio tunazozijua, mahali ambapo kazi ya namna hiyo imefanyika, na mambo ambayo mgeni anapaswa kuyatazama akiingia. Mwishoni tutaona kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wa kitivo cha lugha, ingawa wengi wetu hatujawahi kushika kamera.

Studio tunayoijua

Tuanze na tunachokijua. Kila mmoja wetu amepita studio: picha ya kadi ya mwanafunzi, ya ubatizo wa mdogo wetu, ya arusi, ya siku ya kolasio tukiwa na toga. Nje ya mlango kuna picha za wateja waliopendeza, ili mpita njia aone kazi ya fundi. Ndani kuna kitambaa cha nyuma, taa, kiti, na kijana anayejifunza kazi. Kijana huyo hana daftari. Anashika taa, anatazama mkono wa fundi, anakata picha za pasipoti, mpaka siku fundi anapomwambia: leo piga wewe.

Kwa hiyo studio tayari ina ukuta na ina shule. Kinachoitofautisha na galeri ni mwenye picha. Picha ya studio ni ya yule aliyepigwa. Yeye ndiye aliyechagua nguo na namna ya kusimama, ndiye aliyelipa, na ndiye atakayeiweka sebuleni. Haihitaji maelezo, maana watakaoitazama wanamjua: huyu ni shangazi, hii ilikuwa siku ya arusi ya Kavira.

Galeri inafanya kinyume. Inaiweka picha mbele ya watu wasiomjua aliyepigwa, naye mara nyingi hayupo. Hapo picha inapoteza watu waliokuwa wakiisemea, na mtu mwingine lazima aandike maneno badala yao. Mfano mzuri wa kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine uko Zanzibar, katika Mji Mkongwe. Capital Art Studio ilianzishwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, na baadaye mwanawe Rohit Oza akaendelea nayo. Ilikuwa studio ya kawaida. Leo mgeni anaingia kutazama kuta zilizojaa picha za zamani za mji na watu wake, na mtu aliyepigwa picha kwa ajili ya ndugu zake sasa anatazamwa na ulimwengu.

Shule na ukuta pamoja

Kwa nini ukumbi wa picha uwe na darasa? Jibu la wazi zaidi liko Johannesburg. Mwaka 1989, wakati ubaguzi wa rangi bado ulikuwa sheria, mpiga picha David Goldblatt alianzisha Market Photo Workshop katika mtaa wa Newtown. Vijana weusi walikuwa wakionekana katika picha za magazeti ya dunia kila siku, lakini milango ya kujifunza kazi hiyo ilikuwa imefungwa kwao. Goldblatt alitaka wapate mafunzo hayo. Baadaye shule ikawa na galeri yake, na mwanafunzi akaweza kuona kazi za waliomtangulia ukutani, kisha na yake ikatundikwa. Zanele Muholi alimaliza mafunzo hapo mwaka 2003, na mwaka uliofuata akafanya onyesho lake la kwanza la peke yake katika jumba la sanaa la jiji hilo.

Mbegu ya shule hiyo ilifika Kivu. Pamela Tulizo, mzaliwa wa Goma aliyeanza kama mwandishi wa habari, alipitia Market Photo Workshop, na mwaka 2020 alipata tuzo ya Dior ya picha kwa vijana kwa kazi yake kuhusu sura mbili za mwanamke wa Kivu: ile anayopewa na habari za vita na ile anayojijua nayo. Kisha akaanzisha Goma kituo cha Tulizo Elle Space, mahali pa kuonyesha picha na kuwafundisha wasichana kuzipiga. Goma iko mbali nasi, na vita vimeifanya iwe mbali zaidi, lakini wazo lake halihitaji barabara. Huko Lubumbashi nako kuna Picha, chama cha wasanii ambao Sammy Baloji ni mmoja wa waanzilishi wake. Kilianza maonyesho yake ya kimataifa mwaka 2008, na kilijichagulia jina la Kiswahili.

Kitu kimoja kinachofundishwa darasani

Tuchukue somo moja la ufundi, ili tuone kwamba darasa si mapambo. Kamera, au apareyi kama tunavyosema, inapokea mwanga kwa njia tatu: upana wa tundu la lenzi, muda ambao mlango wake unabaki wazi, na wepesi wa chombo cha ndani kuhisi mwanga. Ukiiacha ijipange yenyewe, inakadiria kwamba jumla ya kilicho mbele yake ina mng'ao wa kijivu cha kati. Sasa msimamishe dada mweusi mbele ya ukuta mweupe mchana. Kamera inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza. Ukuta unakuwa kijivu na uso wa dada unapotea gizani, macho hayaonekani.

Fundi aliyefundishwa anajua dawa yake: anapima mwanga wa uso, si wa ukuta, au anaongeza mwanga kwa makusudi, au anamhamisha mtu akae kivulini karibu na mlango. Hata simu ina uwezo huo: gusa uso kwenye kioo kabla ya kupiga. Nyuso nyingi zilizotoka gizani katika picha za watu wetu hazikuwa hivyo zilipotazamwa kwa macho. Mtu aliiachia mashine iamue.

Maneno chini ya picha

Tuje sasa kwenye kazi yetu. Maelezo ya chini ya picha huitwa lejandi kwa Kifaransa, neno lile lile la hadithi za kale, na mara nyingine yanastahili jina hilo.

Tarehe 14 Mei 1904, huko Baringa, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alipiga picha ya mwanamume aliyekaa barazani akitazama vitu viwili vidogo vilivyowekwa mbele yake. Ukiitazama haraka, huelewi. Maelezo ndiyo yanayokusimamisha: mwanamume ni Nsala, wa kijiji cha Wala, vitu vile ni mkono na mguu wa binti yake Boali, mtoto wa miaka mitano, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira ya ABIR. Picha hiyo ilizungushwa Ulaya na Marekani katika kampeni dhidi ya utawala wa Leopold wa Pili. Zaidi ya miaka 120 imepita, na bado tunajua jina la baba na la mtoto, kwa sababu mtu aliuliza na akaandika.

Linganisha na picha zetu. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya Beni yameleta wapiga picha wengi. Kisha ikaja Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua zaidi ya watu 2,200, wengi wao katika eneo letu. Picha za Beni, Butembo na Mangina zilizunguka dunia nzima. Ni mara ngapi maelezo yake yalisema tu: mwanamke akilia, mkimbizi, mfanyakazi wa afya?

Tazama neno hilo mkimbizi kwa jicho la mwanasarufi. Limejengwa kama mlezi, mwokozi na mlinzi: m- mbele na -i mwishoni, umbo linalomtaja mtu kwa kazi au tabia yake ya kudumu. Mlezi ni mtu wa kulea. Basi mkimbizi ni mtu wa kukimbia, kana kwamba ndiyo kazi yake. Lakini mama aliyepigwa picha alikuwa mkulima wa kahawa, na alikimbia usiku mmoja. Kiswahili kina njia nyingine: mama aliyekimbia. Kirejeshi hicho kinarudisha wakati ndani ya sentensi. Alikimbia, kabla ya hapo alikuwa na mambo mengine, na baadaye atakuwa na mengine.

Wapo waliojaribu kubadilisha mwelekeo. Mwaka 2020, korona ilipomzuia mpiga picha Finbarr O'Reilly kuzunguka Kongo, tuzo ya Carmignac aliyokuwa nayo iligeuzwa kuwa kazi ya pamoja na wapiga picha Wakongo, iliyoitwa Congo in Conversation. Miongoni mwao alikuwa Pamela Tulizo, na pia Al-Hadji Kudra Maliro, mwandishi wa habari wa Beni. Mtu wa Beni anayepiga picha Beni anaweza kuuliza jina kwa lugha ambayo mama huyo anaota nayo.

Hata hivyo jina si dawa ya kila jambo. Pale ambapo muuaji anaweza kuisoma picha, kumtaja mtu ni kumweka hatarini. Darasa zuri linafundisha kuomba ruhusa, kueleza picha itakwenda wapi, na kunyamaza panapotakiwa. Tofauti ni kwamba huko jina limefichwa kwa makusudi. Kwingine halikuulizwa kabisa.

Ukiingia galeri

Siku utakapopata nafasi ya kuingia ukumbi wa namna hii, zunguka mara ya kwanza bila kusoma chochote. Rudi mara ya pili ukisoma maelezo, na uangalie ni picha gani imebadilika machoni pako. Jiulize mambo matatu: mpiga picha alisimama wapi, juu ya mtu au usawa wake? Nani hayupo? Nani aliandika maneno, na kwa lugha gani? Kama kuna darasa, uliza kama simu inatosha kuanzia, na kama wanafunzi wanaandika maelezo ya picha zao wenyewe. Mahali wasipoandika, nusu ya somo imeachwa.

Nasi tunaweza kuanza bila kusubiri jengo. Korido ya kitivo chetu ina ukuta mrefu usio na kitu zaidi ya ratiba na matangazo ya ada. Tuwaalike vijana wawili au watatu wanaojifunza katika studio za mjini walete picha 10 za kazi za watu: mchoma matofali, muuza chikwangue, dereva wa pikipiki, kila mmoja kwa ruhusa yake. Promosheni zetu zikutane na hao waliopigwa, ziwaulize, kisha ziandike maelezo kwa Kinande, Kiswahili na Kifaransa. Vijana wa studio watufundishe kupima mwanga wa uso. Na siku ya kufungua, waliopigwa wawe wa kwanza kuingia, wasome yaliyoandikwa chini yao, na walio na la kusahihisha wapewe kalamu.