Kikosi Kisaidizi, Si Ruga-ruga

Miongoni mwa maswali tuliyoletewa na walimu limo moja lililotoka Ndandalo, wilayani Kyela. Mwalimu mmoja, akifasiri habari za dola ya Kirumi, alikutana na kohoti ya Watungri, kabila la Wagermani wa kale lililokaa katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji. (Twaandika Wagermani ili wasidhaniwe kuwa ndio Wajerumani wa sasa.) Akawaita "ruga-ruga wa Kirumi". Wanafunzi walielewa upesi, na hapo ndipo penye hatari.

Ruga-ruga walikuwa wapiganaji wa watemi kama Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884. Katika vita vya 1914–1918 Wajerumani waliwakusanya wengine kwa muda tu, wakawaambatanisha na kombania zao. Watungri hawakuwa hivyo. Walikuwa askari wa kudumu wenye mshahara, na baada ya miaka 25 ya utumishi walipewa uraia wa Kirumi. Kibao cha mbao kilichofukuliwa Vindolanda, kaskazini mwa Uingereza, chaonyesha kwamba Kohoti ya Kwanza ya Watungri ilikuwa na watu 752, wakiwamo maakida sita.

Kwa mtoto wa Kyela kosa hili si dogo. Masoko, juu ya Kyela, palikaa Kombania ya Tano ya jeshi la Wajerumani, nayo ilikuwa ya askari wa kudumu. Katika mapigano ya Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, tarehe 9 Septemba 1914, walikuwapo askari na ruga-ruga pia. Mwanafunzi aliyezoeshwa kuwachanganya ataisoma vibaya historia ya kwao wenyewe.

Wengine wametumia "askari wasaidizi". Kwa maoni yetu hiyo nayo yapotosha, kwani karani msaidizi ni mdogo wa karani, ilhali Mtungri alisimama mstari wa mbele. Tofauti yake na askari wa lejioni ilikuwa uraia, wala si ushujaa wala kazi. Twapendekeza "kikosi kisaidizi", na mtu mmoja mmoja abaki askari. Sarufi imekwisha kututangulia: katika "alikuwa anasoma", "alikuwa" ni kitenzi kisaidizi, nacho hubeba wakati wa tendo zima, hakuna anayekidharau. "Askari wa akiba" lisitumike kabisa, maana hao hungoja nyumbani mpaka waitwe.

"Kohoti" na libaki kohoti. Batalioni ina muundo mwingine.

Tena mfasiri asilitegemee mno jina la kabila. Baada ya miaka mingi kohoti hizo ziliandikisha vijana wa mahali zilipokaa, jina likabaki lile lile. Kwetu pia yametokea. Mwaka 1889 Wissmann aliandikisha Wasudani huko Misri, nao wakaja na vyeo vya Kituruki: ombasha, yaani mkuu wa watu kumi, na shaushi. Kufikia 1914 wengi wa askari walikuwa wenyeji wa koloni, Wanyamwezi na Wasukuma wakiwamo, lakini Mnyamwezi aliyepandishwa cheo aliitwa ombasha vile vile. Kwa hiyo penye "Kohoti ya Kwanza ya Watungri" iandikwe hivyo hivyo kama jina la kikosi, na asili ya askari ielezwe tu pale matini asilia yanapoitaja.