Ukingo wa Iten na Mawingu Yake

Mji wa Iten nchini Kenya, ulio kiasi cha mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, umesifika kwa wakimbiaji wake. Leo twautazama ukingo wake, mahali nchi inapokatika ghafla na Bonde la Kerio likaonekana mbali chini.

Ukingo huo huelekea mashariki. Jua la asubuhi huupasha moto, hewa ikapanda, na warukaji wenye mbawa za kitambaa hupaa nayo pasipo injini. Wageni huja hasa kati ya Januari na Machi, wakati wa kiangazi. Wapendao kutembea hushuka kwa njia za wachungaji.

Lakini hewa impandishayo mrukaji ndiyo iumbayo wingu la radi. Mnamo Februari 14, 2007, huko Manilla, Australia, wingu la namna hiyo lilimvuta Ewa Wiśnierska wa Ujerumani hadi mita 9,946, penye barafu na hewa haba. Alizimia, akatua hai. Mchina He Zhongpin, aliyeruka siku hiyo hiyo, alifariki.

Mtembeaji naye asijione salama kwa kuwa yu ardhini. Huko Chesogon, kaskazini mwa bonde la Kerio, mvua za Aprili 2020 ziliporomosha ardhi na kuua watu. Kwa maoni yetu, mawingu yakianza kurundikana adhuhuri, mrukaji na atue, na mtembeaji auepuke mkondo, ujapokuwa mkavu. Upepo wa dhoruba hufika kabla ya tone la kwanza.