Kusimama na Aliyeacha Pombe (Sehemu ya Tatu)

Anayeacha pombe katika vijiji vya Rubongi, wilayani Tororo, Uganda, huacha kinywaji na baraza kwa pamoja. Kongo, pombe ya ulezi ya watu wa kabila la Jopadhola, hunywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, na hapo chunguni ndipo yanapozungumzwa mashamba, mahari na misiba. Namna uraibu unavyoteka ubongo ilikwisha elezwa katika sehemu zilizotangulia. Hapa linaangaliwa jukumu la jirani, ambalo sheria pekee haiwezi kulibeba.

Mswada wa kudhibiti vileo uliowasilishwa mwaka 2023 na Sarah Opendi, wakati huo Mbunge wa Wanawake wa Tororo, uliamsha upya mabishano juu ya saa za kuuza pombe. Mabishano hayo ni ya zamani. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliwekea mipaka biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na ule wa Saint-Germain wa 1919 ukazidi kuibana. Hata hivyo, watu walijikenekea wenyewe pombe hiyo. Uganda ilitunga sheria ya enguli, pombe kali ya kienyeji, mwaka 1965, ikidai leseni kwa kila mkenekaji. Kenya ilipiga marufuku chang'aa, pombe kali ya kienyeji ya huko, mwaka 1980, kisha ikairuhusu kwa masharti mwaka 2010. Tanzania ilikomesha viroba, yaani pombe kali ya vipakiti, Machi 2017. Uganda ikafuata mwaka 2019. Na mpaka wa Busia, kati ya Uganda na Kenya, una njia za panya: kinachobanwa upande mmoja hugeuka magendo upande wa pili.

Katika miaka yote hiyo sheria iliandama chupa, na mnywaji akabaki mtu wa kutozwa faini. Hilo ni kosa la kimaadili. Walioanzisha chama cha Alcoholics Anonymous huko Akron, Marekani, mwaka 1935, walikuwa walevi wawili waliogundua kwamba mmoja humshikilia mwenzake asianguke. Mwaka 1951 familia nazo zikapata chama chao, Al-Anon. Anayepona anahitaji watu.

Wajibu wa kwanza ni usalama. Aliyezoea kunywa sana kila siku asilazimishwe kuacha ghafla nyumbani, kwa maana arosto ya pombe, yaani mwili kudai kilevi ulichozoea, huweza kuleta mishtuko ya kifafa, kuweweseka na hata kifo ndani ya siku chache. Apelekwe hospitali; ile ya Butabika, Kampala, ina kitengo maalumu cha uraibu.

Wajibu wa pili ni nafasi. Kwenye matanga apewe uji au chai palepale walipo wazee wenzake, asitengwe, wala asijaribiwe kwa "kidogo tu". Jina la mlevi likome siku anapoacha.

Wa tatu ni kazi. Kazi za ujima ambazo ujira wake ni kongo zimtengee chakula au pesa, la sivyo kila palizi itamrudisha chunguni.

Wa nne ni ukweli. Kumlipia deni la kilabuni au kumtungia uongo kwa mwajiri si huruma, ni kuulisha ugonjwa. Akiteleza, aulizwe kwa upole kilichotangulia, kisha arudishwe kwenye matibabu siku hiyohiyo. Kuteleza ni jambo la kawaida katika safari ya kupona, na ndipo jirani anapohitajika zaidi.