Barafu ya Kibo na Mvua za Masika

Mwaka 2002 mtaalamu wa barafu Lonnie Thompson na wenzake kutoka Chuo Kikuu cha Ohio State walikadiria kwamba barafu ya Kilimanjaro ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na barafu ingali ipo, ingawa imebaki kidogo sana. Wapo wanaodai kwamba basi habari yote ya ongezeko la joto ni uzushi. Wapo pia wanaoendelea kuionyesha picha ya Kibo, kilele cha mlima huo, kama ushahidi mkuu wa uharibifu wetu. Naamini pande zote mbili zimeusoma mlima vibaya.

Mwaka 1912 barafu ilifunika kilomita za mraba zipatazo 12. Ilipofika 1953 karibu nusu ilikuwa imetoweka, na wakati huo joto la dunia lilikuwa limepanda kidogo tu. Isitoshe, kileleni hewa huwa chini ya nyuzi sifuri karibu muda wote. Kinachoila barafu ile hasa ni jua: miale huziyeyusha kuta zake, na sehemu nyingine hugeuka mvuke bila kupitia hali ya maji. Georg Kaser na Thomas Mölg, wakiwa Chuo Kikuu cha Innsbruck, walieleza kwamba mporomoko huu ulianza mwishoni mwa karne ya 19, anga la Afrika Mashariki lilipokauka. Theluji mpya ikapungua, na barafu isiyopata weupe wa theluji mpya hunyonya jua zaidi. Ukavu unafungamana na hali ya Bahari ya Hindi, nayo bahari hiyo sasa tunaipasha joto. Mkono wa binadamu umo, lakini haumo peke yake.

Ushahidi wenye nguvu uko kwingine. Kabla ya viwanda, hewa ilikuwa na sehemu 280 hivi za kaboni dioksidi katika kila milioni. Leo zimepita 420. Tabaka la chini la anga linapata joto huku tabaka la juu yake likipoa. Kama jua ndilo lingekuwa chanzo, yote mawili yangepata joto. Kuhusu chanzo, basi, sioni nafasi ya kubishana.

Ubishi halali ni juu ya kiasi, na zaidi juu ya mahali. Mwaka 1979 jopo lililoongozwa na Jule Charney lilikadiria kwamba kaboni dioksidi ikiongezeka maradufu, dunia itapata joto la nyuzi 1.5 hadi 4.5. Mwaka 2021 jopo la kimataifa la tabianchi liliona kwamba yamkini ni kati ya 2.5 na 4. Miaka zaidi ya arobaini ya kazi, na bado pengo ni nyuzi moja na nusu! Mawingu ndiyo yanayosumbua zaidi.

Kwetu fumbo kubwa ni masika. Modeli nyingi za tabianchi zinaonyesha mvua zitaongezeka, ilhali vipimo vimeonyesha masika ikipungua tangu miaka ya 1980. Kisha kuanzia mwishoni mwa 2020 Pembe ya Afrika ilikosa mvua za kutosha misimu mitano mfululizo; na mwaka 2024 masika hiyo hiyo ilileta mafuriko makubwa Kenya na Tanzania. Mtu akisema anajua kwa hakika mvua za Kitui au Same zitakuwaje mwaka 2050, asiaminiwe upesi, hata akiwa upande wetu.

Joto, hata hivyo, halina fumbo la namna hiyo. Kadiri linavyopanda, udongo na majani hupoteza maji haraka zaidi, kwa hiyo mvua ile ile iliyomtosha babu haimtoshi mjukuu. Hilo linatosha kuanzia kazi. Milimani Upare wakulima wamejenga ndiva tangu zamani, mabwawa madogo ya kukusanya maji ya vijito usiku ili yamwagiliwe mashambani mchana. Ndiva iliyozibuliwa tope na kuimarishwa kingo ina faida mvua zikipungua, na ina faida zikija nyingi kwa mkupuo. Haihitaji kusubiri modeli zikubaliane.