Mlima Unapokuwa Mfupi Ndani ya Kompyuta

Mjini Morogoro mvua ya mwaka kwa kawaida haifiki milimita 1,000. Vuka Milima ya Uluguru, ushuke upande wa Kinole na Matombo unaotazama baharini, utakuta miteremko inayopata zaidi ya 2,000. Hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi ikigonga mlima hulazimika kupanda. Ikipanda hupoa, na mvuke wake hugeuka mvua. Ikifika mjini imeshajikamua.

Milinganyo ya mwendo huo, inayobeba majina ya Navier na Stokes, inajulikana tangu karne ya 19. Kwa hewa halisi hakuna anayeimaliza kwa kalamu. Programu kama WRF, inayotumiwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, huikata anga miraba miraba na kukokotoa upepo, joto na unyevu wa kila mraba, hatua kwa hatua.

Ukubwa wa mraba ndio wenye kesi. Safu ya Uluguru ina upana wa kilomita 20 hivi. Mraba wa kilomita 25 huumeza upana wote, na kwa kuwa kila mraba una kimo kimoja tu cha wastani, kilele chake cha Kimhandu, chenye zaidi ya mita 2,600, hugeuka kilima. Hewa ya kwenye kompyuta hupita bila kupanda sana, Kinole ikanyimwa mvua yake. Ukiugawa upande wa mraba nusu, miraba inakuwa mara nne. Hatua za muda nazo sharti zifupishwe nusu, la sivyo hesabu zinavurugika. Kazi mara nane!

Ili kupunguza kosa, wanahesabu wana mbinu za ukokotoaji za daraja la juu. Kwa daraja la pili, upande wa mraba ukigawanywa nusu, kosa hubaki robo. Kwa daraja la nne, moja ya kumi na sita. Inavutia, ila ahadi hiyo inashika pale tu mtiririko ulipo laini, na wingu linalofumuka juu ya genge si laini. Tena matone ya mvua ni madogo kuliko mraba wowote, hivyo hukadiriwa kwa kanuni za pembeni, ambazo daraja la ukokotoaji haliziponyi.

Kwa hiyo anayetaka kujua maji yatakayoingia Mto Ruvu kutoka milima hii, ambayo Dar es Salaam inayanywa, na mfuko wake ni mwembamba, mimi ningemshauri aanze na vipimamvua huko Lukwangule, juu ya Uluguru. WRF hutolewa bure. Wa kulipwa ni yule atakayepanda kusoma chombo na kuondoa majani yaliyoziba mdomo wake.